Kamba na Matambaa Makuukuu

Masomo: Yeremia 38:1-13 na 39:15-18

 

Tangu Kongo na Rwanda ziweke sahihi mapatano kule Washington, tarehe 27 Juni 2025, maswali mengi yanatufikia kwa telefone. Ndugu mmoja aliuliza: "Mchungaji, hiyo amani ya Wamarekani tuiombee ao tuiache?" Dada mmoja alituandikia: "Hao wakubwa wa dunia wanasema haki za binadamu, wanasema demokrasia. Ni Mungu anawatuma, ao ni madini yanawavuta?" Na mzee mmoja wa kanisa alitushika mkono mlangoni akasema tu: "Tutangojea wageni mpaka lini?"

Hatuwezi kujibu maswali hayo kwa maneno ya siasa, kwa sababu hatukusomea siasa. Lakini Biblia iko na habari ya mtu aliyetupwa shimoni, na mgeni aliyemtoa. Fungueni Yeremia 38.

Mnakumbuka habari yenyewe. Yerusalemu umezungukwa na jeshi la Babeli, na mkate unakwisha mjini. Yeremia anasema neno ambalo wakubwa hawataki kulisikia. Wanamshitaki kwa mfalme kwamba anavunja moyo wa askari. Mfalme Sedekia anajua kama Yeremia ni mtu wa Mungu, lakini anaogopa wakubwa wake. Anawaambia yuko mikononi mwao. Basi wanamshusha kwa kamba ndani ya shimo. Hamna maji mle, ni matope tu, na Yeremia anazama.

Nani alimsemea? Hakuwa kuhani, wala ndugu yake wa Anathothi, wala mmoja wa wale aliowahubiri miaka yote. Ni Ebedmeleki, Mkushi, Mwafrika, towashi, mtumishi katika nyumba ya mfalme. Mgeni ndiye alitoka akamfuata mfalme kwenye lango la Benyamini, mbele ya watu, akasema waziwazi kwamba kilichotendwa ni kibaya na mtu yule atakufa kwa njaa. Mfalme akampa watu thelathini. Ebedmeleki hakukimbilia shimo mara moja. Alipita kwanza chini ya nyumba ya hazina, akatwaa matambaa makuukuu na nguo zilizochakaa, akamshushia Yeremia. Akamwambia ayaweke makwapani, chini ya kamba. Yeremia akafanya hivyo. Halafu wakamvuta.

Tushike mambo manne katika habari hii.

1. Mungu anaweza kutumia sauti ya mgeni

Kuna wapendwa wanaosema kila kitu kinachotoka kwa mzungu ni hila. Historia ya nchi yetu wenyewe inawakatalia.

Kuanzia mwaka 1885 mpaka 1908, Kongo haikuwa hata koloni ya Ubelgiji. Ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili, ambaye hakukanyaga udongo wetu hata siku moja. Babu zetu walilazimishwa kuleta mpira wa msituni. Kijiji kisipotimiza kilo, askari walikuja. Na kwa kuonyesha kwamba risasi hazikupotea bure, askari walikata watu mikono.

Nani alipaza sauti? Mwaka 1899, kule Kasai, mmisionari mmoja Mpresbiteri, William Sheppard, aliingia katika kambi ya waliotumwa kutoza kodi. Akahesabu mikono 81 ya kuume inakaushwa juu ya moshi. Sheppard alikuwa Mmarekani mweusi wa Virginia, kwao kwenyewe hakuhesabiwa sawa na mzungu. Ni kama Ebedmeleki, mtu aliyedharauliwa, lakini jicho lake liliona na mdomo wake ulisema. Baadaye kampuni ya mpira ilimshitaki kwa yale aliyoyaandika, na mwaka 1909 akashinda.

Mwaka 1904, kule Baringa, baba mmoja jina lake Nsala alifika kwa wamisionari amebeba kitu ndani ya majani. Kilikuwa mkono na mguu wa binti yake mdogo. Mama Alice Seeley Harris, mke wa mmisionari, alimpiga picha Nsala ameketi akiviangalia. Picha ile ilionyeshwa makanisani kule Uingereza, na wakristo walilia. Tena karani mmoja wa kampuni ya meli ya Liverpool, Morel, aliona kwamba meli zinatoka Kongo zimejaa mpira na pembe, na zinarudi na bunduki na risasi. Akajiuliza: mpira huu unalipwa na nini basi? Naye Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alipanda mto mwaka 1903, akasikiliza watu vijijini, akaandika yote, na serikali yake ikayatangaza mwaka uliofuata.

Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuachilia Kongo mikononi mwa serikali ya Ubelgiji. Na Uingereza ilikataa kukubali jambo hilo rasmi mpaka mwaka 1913, kwa sababu ilitaka kuona kwanza kama mateso yamepungua. Hiyo ndiyo serikali kutumia uhusiano wake na nchi nyingine kwa kutetea watu wasio raia wake. Kazi hiyo haikuanza leo. Na mwanzoni mwake kulikuwa wakristo waliokataa kunyamaza.

Tunasema haya ili mtu asidharau. Ikiwa bunge la mbali linasimama kutetea mama aliyebakwa Minova ao mchimbaji aliyepigwa Rubaya, tusicheke. Mungu aliweka Mkushi katika nyumba ya mfalme.

2. Kamba bila matambaa inaumiza

Hapa tunapaswa kutubu mbele yenu.

Mwaka 2010 sisi na mama watoto tulikuwa tumetoka tu katika chuo cha Biblia. Tulitumwa kuchunga kanisa dogo katika kijiji cha wachimbaji, Kivu ya Kusini. Kila mtu aliishi kwa kasiterite. Aliyechimba, aliyebeba mgongoni, aliyeuza bugali na sombe kwa wachimbaji, mwalimu aliyelipwa kwa minervali ya watoto wao, hata sadaka ya kanisa, yote ilitoka katika mashimo yale. Tena ni kweli kwamba wenye silaha walikuja kutoza mashimoni. Hatukatai.

Mwezi wa saba tulisikia katika radio kwamba Marekani imetunga sheria. Tarehe 21 Julai 2010 Rais Obama aliweka sahihi sheria kubwa ya mambo ya benki, inayoitwa Dodd-Frank, na ndani yake mlikuwa kifungu cha 1502 juu ya Kongo. Watu wa Kivu wakaiita sheria ya Obama. Ilisema kampuni zinazouza hisa zao kule Marekani zichunguze na kutangaza kama bati, koltani, wolframu na zahabu wanazotumia zinatoka Kongo ao kwa jirani zake, na kama zinalisha vikundi vya silaha. Nia ilikuwa njema: kuwakatia waasi pesa.

Siku ya Mungu iliyofuata tulihubiri kwa furaha kubwa. Tulisema Mungu amesikia kilio chetu. Watu wakapiga amina, na vigelegele pia.

Mwezi wa tisa serikali yetu yenyewe, kule Kinshasa, ilisimamisha machimbo yote katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Yalifunguliwa tena mwezi wa tatu wa 2011. Lakini yalipofunguliwa, wanunuzi hawakuwepo. Sheria ya Marekani haikukataza kununua kwetu. Ilisema tu uchunguze, utangaze. Lakini makampuni mengi yaliona kazi ya kuchunguza ni ngumu, afadhali kuacha madini ya Kongo kabisa. Ni kama mtu anayesikia kwamba sokoni kuna nyama iliyooza, naye anakataa nyama ya kila muuzaji. Hata yule aliyechinja asubuhi analala njaa.

Kijijini kwetu tuliona matokeo kwa macho. Watoto walifukuzwa shuleni kwa kukosa minervali. Mama mmoja wa kanisa alijifungua salama, halafu akazuiliwa pamoja na mtoto wake majuma mengi kwa sababu mume hakuweza kulipa deni. Kijana mmoja wa kwaya, aliyepiga ngoma vizuri sana, alikuja kwetu usiku. Akasema: "Mchungaji, kule msituni wanakula. Mimi niko na mama na wadogo watano. Nifanye nini?" Tulimwambia aombe, asiende. Tuliomba naye. Hatukuwa na unga wa kumpa, hata kopo moja. Baada ya siku tatu alikuwa amekwenda. Hakurudi mpaka leo.

Sheria iliyotungwa ili kupunguza watu wa silaha iliwaongezea mmoja, na yule mmoja alikuwa wa kwaya yetu.

Siku ya Mungu mzee mmoja, mchimbaji tangu wakati wa Mobutu, alisimama baada ya ibada. Hakukasirika. Aliuliza tu: "Mchungaji, wale waliotunga ile sheria uliyotuhubiri, walimuuliza nani hapa?" Hatukuwa na jibu. Nasi hatukuwa tumemuuliza yeyote kabla ya kuhubiri.

Wapendwa, sasa tazameni tena Ebedmeleki. Kamba ilikuwa tayari, na watu thelathini walikuwa na nguvu. Wangeweza kumvuta Yeremia bila kitu, angetoka na mbavu zimevunjika. Lakini yule mtu alifikiri juu ya mwili ulio ndani ya shimo. Alitafuta matambaa, na aliongea na mtu wa shimoni kabla ya kumvuta. Msaada wa kweli unaonekana katika matambaa. Yeyote anayetaka kututetea kwa sheria, kwa vikwazo, kwa kukata misaada, tumuulize: uliongea na mtu aliye chini? Na kamba itakapomkaza, umemwekea nini makwapani?

Lakini tuseme ukweli wote. Baada ya miaka kadhaa utaratibu ulianza kupatikana. Mifuko ya kasiterite na koltani ikawekwa alama ili ijulikane imetoka shimo gani, na katika machimbo mengine watu wa silaha waliondoka. Lakini zahabu inaingia mfukoni, nayo iliendelea kupita mipaka. Kwa hiyo hatusemi sheria ile ilitoka kwa shetani. Tunasema ilikuwa kamba nzuri iliyosahau matambaa.

3. Wengine wanaoshika kamba leo walisaidia kuchimba shimo jana

Usimwamini kila anayetaja demokrasia. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, waziri mkuu aliyetoka katika uchaguzi, aliuawa Katanga. Bunge la Ubelgiji lilichunguza, na mwaka 2001 likakiri kwamba wakubwa fulani wa Ubelgiji walibeba lawama ya kimaadili katika kifo chake. Serikali yao iliomba radhi mwaka 2002. Halafu kwa miaka mingi mataifa yaleyale yanayohubiri haki yalimshika Mobutu mkono, kwa sababu aliwapinga wakomunisti. Mwezi wa sita 1989 alipokewa vizuri kule Washington. Lakini ukuta wa Berlin ulipoanguka mwisho wa mwaka ule, hawakumhitaji tena kama zamani, na ghafula wakakumbuka kwamba Zaire inakosa haki za binadamu! Wazairwa walikuwa wanalia tangu zamani.

Mnaona? Mgeni anaweza kukutetea leo kwa sababu kutetea kunamfaa. Siku kusipomfaa, atanyamaza. Kwa hiyo tunapoomba kwa ajili ya mapatano ya Washington, tuombe kwa moyo wote lakini macho yawe wazi. Katika mazungumzo yale amani na madini vinatajwa pamoja. Tuombe madini yasimeze amani.

Ni nani basi alifungua njia ya demokrasia kwetu? Msukumo wa nje ulisaidia, hatukatai. Lakini tarehe 16 Februari 1992 wakristo wa Kinshasa walitoka barabarani na Biblia na rozari mikononi, wakidai Kongamano la Taifa lifunguliwe tena. Askari waliwapiga risasi, na watu walikufa. Wengi wao walikuwa ndugu zetu Wakatoliki. Sisi Wapentekoste, wengi wetu tulibaki ndani tukiomba. Kuomba ni vizuri. Lakini kama Ebedmeleki angebaki ndani akiomba tu, Yeremia angekufa katika matope.

4. Yeremia naye alikuwa na kazi yake

Matambaa yalishushwa, lakini Yeremia mwenyewe ndiye aliyaweka makwapani. Angekataa, angeumia. Tena someni vizuri mstari wa 13. Alipotolewa shimoni hakuwa huru. Alibaki katika uwanja wa walinzi. Kamba ya mgeni ilimwondoa katika kifo, haikujenga Yerusalemu.

Basi kazi yetu ni nini?

Kwanza, tuseme ukweli. Wanapokuja wachunguzi wa Umoja wa Mataifa ao wa haki za binadamu, mwingine anaongeza wafu ili msaada uongezeke, mwingine anaficha waliouawa na watu wa kabila lake. Ushuhuda wa uongo ni dhambi hata kama unaandikwa kwa Kifaransa kizuri. Casement alisikilizwa kwa sababu watu wa vijijini walisema walichokiona.

Pili, tutetee jirani. Hatuwezi kuomba dunia ituhurumie, halafu kanisani tunawatukana Wabanyamulenge, tunawadharau Wambuti, tunarusha katika telefone maneno ya kuua. Mungu anasikia maombi hayo mawili pamoja. Na nyumbani pia: mume anayempiga mke wake asiende kulalamika juu ya haki za binadamu kwa balozi. Mchungaji anayekula sadaka ya wajane asihubiri juu ya wezi wa Kinshasa.

Tatu, kura yetu tusiiuze. Uchaguzi wa 30 Julai 2006 ulilipiwa sehemu kubwa na pesa za nje, hasa za Ulaya. Walinunua masanduku na karatasi. Lakini hakuna nchi ya Ulaya inayoweza kununua moyo usiojiuza kwa kilo ya chumvi na tisheti.

Nne, ndugu zetu mlio Marekani, Kanada na Ulaya, mnaotusikiliza kwa telefone: ninyi mmewekwa katika nyumba ya mfalme. Mko karibu na lango la Benyamini. Wengine wenu mnapiga kura kule, mbunge wenu anapaswa kuwapokea. Nendeni mkaseme. Lakini kabla ya kusema, pigeni simu kijijini mkaulize. Mtafuteni mzee wa mashimo, na mama anayeuza sombe. Msifanye kama sisi mwaka 2010.

Mfano tunao karibu. Dakta Denis Mukwege, mwana wa mchungaji Mpentekoste, aliongoza hospitali ya Panzi kule Bukavu tangu 1999. Hospitali ni ya kanisa letu la Kipentekoste la CEPAC, na wapentekoste wa Swedeni walisaidia kuijenga. Mwaka 2018 alipewa Nobeli ya Amani. Lakini kumbukeni mwaka 2012, watu wenye silaha walipoingia nyumbani kwake, mlinzi wake akauawa, naye akakimbilia ngambo. Ni nani walimrudisha? Wamama wa Idjwi, wanaoishi kwa shida, waliandika barua kwa rais na kwa Umoja wa Mataifa. Halafu wakauza mananasi na vitunguu wakusanye pesa za tiketi yake ya ndege. Mwanzo wa 2013 alirudi. Wageni walikuwa wamemheshimu kwa zawadi kubwa na waliendelea kumheshimu. Lakini kamba ya kumrudisha ilisokotwa na wamama wa kisiwani kwetu.

Kwa kumaliza

Mzee uliyetuuliza mlangoni, tutangojea wageni mpaka lini, tunakujibu hivi: tusiwangojee, na tusiwafukuze. Akija Ebedmeleki, tumpokee kwa heshima, tumwonyeshe mahali kamba inapouma. Asipokuja, Mungu wa Yeremia yuko hata katika matope.

Na kwa kila aliye mgeni anayetetea watu wasio wa kwao, Yeremia 39 iko na ahadi. Mji uliteketea, wakubwa walikamatwa, lakini Mungu alimtumia Ebedmeleki neno lake mwenyewe kwamba ataokoka, kwa sababu alimtumaini Bwana. Mungu hakusahau matambaa yale.

Tuombe. Ee Bwana, tusamehe sisi wachungaji tulioshangilia bila kuuliza. Uwakumbuke vijana walioingia msituni kwa sababu ya njaa. Kama yule kijana wa ngoma yuko hai, mrudishe kwa mama yake. Uwape wakubwa wa mataifa hekima ya kusikiliza walio chini. Utupe sisi mdomo wa kweli na mikono safi. Simamisha vita katika nchi yetu. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Mungu awabariki. Tutaonana tena siku ya Mungu ijayo, Bwana akipenda.